Sumaku ya Papa Augustin

Baba yangu hajawahi kunipiga hata kofi moja, lakini siku aliyorudi kutoka mjini Makiso bila kazi aliipiga teke ndoo ya maji uani hadi ikapasuka. Ilikuwa ndoo yangu. Nilijua kwamba hasira ile haikuwa ya ndoo.

Anaitwa Augustin. Hapa Kapalata wanamwita Papa Armurier, maana kwa miaka thelathini na moja kazi yake jeshini ilikuwa bunduki: kuzifungua, kuzisafisha, kuzifunga tena, kisha kusaini karatasi inayosema ni nzima. Sisi ni watu wa Yanonge, watu wa mto, na babu alitaka mwanawe atupe nyavu kama yeye. Yeye akapenda chuma. Mpaka leo akishika kitasa cha mlango wako atakwambia ni skrubu gani imelegea, hata kama hukumwuliza.

Alipostaafu, kampuni moja ya ulinzi mjini ilimchukua atunze silaha zake. Namna walivyopata kibali mimi sijui, na sitaki kujua. Mwaka jana mkurugenzi, Jean-Paul, mtu wa manukato na viatu vyenye ncha, alileta bastola kumi na mbili kutoka ng'ambo. Kila bastola ina saa yake ya mkononi. Mlinzi akivaa saa, bastola inamtambua na kukubali kupiga. Mwizi akiinyakua bila saa, amebaki na chuma tu. Ndivyo walivyoambiwa. Kilibaki kitu kimoja: Baba asaini kwamba amezijaribu na ni nzima, ndipo walinzi wapewe.

Saini hiyo ilikuwa nzito kwake. Zamani, katika kambi ambayo sitaitaja, mkubwa mmoja alimwamuru asaini bunduki ambazo hakuzijaribu. Akasaini. Wiki mbili baadaye koplo mmoja, Papy, alifyatua mara tatu na risasi haikutoka. Ya adui ilitoka. Baba ndiye aliyempelekea mjane viatu vya marehemu. Tangu hapo hasaini kitu ambacho mkono wake haujakijaribu.

Basi akazijaribu. Hakufanya kama wale wa kwenye video ya kutangaza bastola hizo, katika ukumbi mkavu wenye kiyoyozi. Alimwita Édouard, mlinzi wa depo ya nafaka ya Mama Kyakimwa, baba wa watoto sita. Akamkimbiza uwanjani mpaka jasho likamtiririka, akammwagia maji mkononi kama mvua ya hapa inavyotumwagia sote, ndipo akamwambia apige magunia ya mchanga mara kumi. Bastola ilikataa mara nne. Ile mara ya mwisho saa ilikuwa imezimika kabisa, maana umeme ulikuwa umekatika siku mbili na hakuna aliyeweza kuichaji.

"Papa Augustin, hiyo iko détail," Jean-Paul akasema. "Hizi silaha ziko intelligentes."

"Silaha haina na akili. Mutu njo iko na akili. Na mutu akikufa, détail yako itamufufua?"

Angeishia hapo. Lakini baba yangu na kuishia hapo ni mbingu na ardhi. Alikuwa ameifungua bastola moja akaona kijiti cha chuma kinachoizuia isipige. Saa ikiwa karibu, umeme hukivuta kijiti kando. Akajiambia, kinachovutwa na umeme, sumaku nayo itakivuta. Akaenda kwa fundi redio, akarudi na sumaku ya spika iliyokufa ya kwaya ya parokia. Mbele ya Jean-Paul na walinzi wote kumi na wawili, akaiweka saa ndani ya gari la mkurugenzi na kufunga mlango, akarudi mpaka mwisho wa uwanja. Akabandika sumaku ubavuni mwa bastola. Akapiga. Gunia likamwaga mchanga.

"Munaona?" akawaambia. "Mwizi na aimant ya radio atakuua na bastola yako mwenyewe. Miye sisaini."

Jean-Paul alimfukuza palepale. Halafu akatafuta ujanja, na ujanja wenyewe ndio unaonichemsha damu mpaka leo. Alimsainisha kila mlinzi karatasi yake: nimepokea silaha nzima, matatizo yote ni juu yangu. Mtu mwenye watoto sita, ukimwekea karatasi na kazi mezani, atasoma nini? Wote walisaini. Na Jean-Paul akaenda redioni kujisifu kwamba silaha za walinzi wake mwizi hawezi kuzitumia. Mdomo hauna kodi.

Baba aliposikia habari ya karatasi hakupiga teke kitu. Aliacha kula. Siku ya tatu akaniambia, "Fanny, ita toleka. Naenda kumuambia Édouard asiamini ile kitu."

Tulipanda toleka mbili, baiskeli za kubeba abiria, yeye mbele mimi nyuma, na mvua ya saa sita mchana ikatupiga mpaka Makiso. Édouard alikuwa mlangoni mwa depo. Alipomwona Baba alimkimbilia na kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Papa, Mungu akubariki! Saa ilikuwa inatusumbua mubaya. Mvua ikinyesha, haifanye. Sasa angalia."

Akatoa bastola. Ubavuni, imefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kulikuwa na sumaku ya spika.

"Siye wote tulifanya vile. Bila wewe hatungejua. Saa tunaacha ku nyumba."

Sijawahi kuuona uso wa Baba ukiwa vile. Aliwaonyesha ugonjwa, wao wakaona dawa. Sasa mwizi hahitaji hata kutafuta sumaku. Nilimchukia Jean-Paul, na nitasema ukweli, dakika ile nilimkasirikia Baba pia.

"Na mwizi akikunyanganya hii?" Baba akauliza.

"Atanipiga. Lakini bila aimant, siku inakataa, atanikata na panga. Donc nichague nini, Papa?"

Baba aliichukua bastola, akaketi juu ya gunia la maharagwe, akatoa risasi kwanza kama kawaida yake. Nilidhani ataing'oa ile sumaku na kuitupa mtaroni. Akaigusa: ilikuwa inateleza, fundo lilikuwa baya. Alilifungua, akalifunga upya, akauzungusha mpira mara tatu, akajaribu kwa kidole mpaka akaridhika, kisha akarudisha risasi.

"Leta ile karatasi yako," akasema.

Édouard aliitoa mfukoni, nakala aliyoachiwa, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Baba alikata kwa kalamu maneno yanayosema silaha ni nzima. Chini yake akaandika taratibu, kwa herufi kubwa: SI NZIMA. SUMAKU NIMEIFUNGA MIMI. Akaweka jina lake, tarehe, na ile saini aliyomnyima mkurugenzi.

"Wengine wanalinda wapi?" akamwuliza bila kumtazama usoni.

Édouard akaanza kuwataja mmoja mmoja, wote kumi na mmoja. Mimi nikatoka mvuani kutafuta toleka.