Kikombe Kwenye Fundo la Kikwembe

Mimi ni mwenye cherehani. Nalisema kwa sauti ya juu kidogo kwa sababu nyumbani kwangu, hapa Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, jambo hilo lina mpinzani, na mpinzani ni mama yangu, yule yule aliyenipa.

Alinipa mbele ya watu. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, akawa anapitisha uzi kando ya tundu la sindano kisha anailaumu sindano. Basi Ijumaa moja, baada ya swala, akawaita wajomba, akamwita dada yangu kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, ikasomwa Fatiha, akasema: "Mashini hii ni ya huyu. Kuanzia leo musiniulize mimi." Wajomba walinitazama kwa huruma. Mwanamume mzima, mwalimu wa chuo kikuu, anapewa cherehani na dada yake yupo! Dada mwenyewe alicheka hadi akajifuta machozi. Hajui hata kushona kifungo, na anajivunia hilo.

Niieleze kidogo, maana najivunia na mimi. Ni ya chuma cheusi, nzito, yenye maua ya rangi ya dhahabu ambayo yamefutika pale tu kiganja cha mama kilipozoea kupita. Baba aliileta kwa reli kutoka upande wa Kalemie, zamani zile ambapo mtu alikwenda stesheni ya Kindu kupokea treni na treni ikawepo kweli. Inashona jinzi, inashona turubai, inashona gauni la bibi harusi, na haibadilishi sauti. Nimewahi kuona mashini mpya za plastiki zikitetemeka mbele ya pindo la suruali. Hii haitetemeki. Ukiikanyaga, ni wewe unayetetemeka.

Kesho yake baada ya ile Fatiha niliketi kushona pazia. Sindano ikashuka, ikapanda, kitambaa kikatoka upande wa pili kikiwa na vitundu vizuri vilivyonyooka na hakuna mshono. Nikafunua kibati cha chini. Palikuwa patupu.

Kwa asiyejua: chini ya sindano hukaa kikombe kidogo cha chuma, mdogo wake kikombe cha kahawa, na ndani yake hulala bobini yenye uzi wa chini. Bila kikombe hicho uzi wa juu hauna wa kushikana naye, na cherehani inabaki kuwa meza ghali.

"Mama, kikombe kiko wapi?"

Alikuwa ameketi mkekani akichambua sombe, majani ya muhogo. Akafuta mikono, akafungua fundo kwenye ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni, akanionyesha. "Kiko hapa."

"Lakini umenipa mashini."

"Nimekupa. Iko yako."

"Na hicho?"

"Hiki sikukitaja," akasema, naye alisema kweli.

Ndivyo tulivyoishi. Nikitaka kushona, naomba. Anafungua fundo, ananipa, anabaki ameketi karibu kama mtu anayesubiri sahani yake irudishwe na jirani. Nikikata uzi wa mwisho tu, mkono wake umeshanyooka. Mke wangu alikuwa akipita na kusema, "Profesa, umemaliza? Rudisha vitu vya wenyewe." Wanafunzi wangu huniogopa kidogo. Laiti wangeniona.

Sikuthubutu kubishana sana, kwa sababu najua fundo lile lilianza wapi. Lilianza miaka ya vita. Walikuwa wakija hawa, wakiondoka wanakuja wale, na kila mara mji ulikimbilia msituni. Watu walibeba magodoro, masufuria, mbuzi. Mashini ya chuma huwezi kukimbia nayo. Kwa hiyo wanawake wenye mashini katika mtaa wetu walishika desturi moja, sijui aliyeianzisha ni nani: mlio wa kwanza wa bunduki ukisikika, kabla ya kumwita hata mtoto, unachomoa kikombe na kukifunga kwenye kikwembe. Huko msituni ungewaona wakijipapasa kiunoni mara kwa mara, ukafikiri wote wanaumwa tumbo.

Safari moja tuliporudi tulikuta nyumba haina mlango, na mashini haipo. Baba alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, na mashini ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Mama hakulia. Alipeleka mkono kiunoni, akafagia nyumba.

Baada ya muda alikuja askari, kijana mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Alikuwa ameelekezwa kwamba hapa anakaa mama anayejua mashini.

"Mama, kuja uone mashini moja kwetu. Inakataa."

Alikwenda, nami nikamfuata, maana niliogopa zaidi kubaki. Ilikuwa chini ya kibanda cha mabati karibu na reli, mashini yetu wenyewe, imeviringishwa nyuzi kama kuku aliyenaswa, na sare zilizochanika zimerundikwa kando. Mama hakuonyesha kwamba anaijua. Aliizunguka. Akagusa gurudumu. Akaweka sikio kwenye chuma. Kisha akatikisa kichwa taratibu, uso umemshuka, kama watu wanavyofanya msibani kabla ya kusema lolote.

"Imekufa," akasema.

"Imekufa na nini?"

"Na safari. Mashini ya namna hii haibebwi ovyo ovyo. Mulipoitoa kwa mwenyewe, alikuwa mbali?"

Askari wakatazamana. "Mbali kidogo," mmoja akasema.

"Njo hivyo. Sasa itawajazia kibanda tu. Munipe maiti yake. Chuma chake kitanifaa kuzuia mlango. Niko na nyumba haina mlango."

Wakacheka. Wakampa. Tena, kwa kuwa ilikuwa nzito na mama ni mama, wawili kati yao walituletea wenyewe hadi nyumbani, wakaiweka pale hasa walipoitoa, na yule mwenye kofia akaagwa kwa "Mungu akubariki."

Mama hakufungua fundo siku ile, wala iliyofuata. Alingoja hadi wale askari walipohama. Hata baada ya hapo hakukanyaga kanyagio, kwa sababu mlio wake ulifika barabarani. Alitoa mkanda na kunikalisha mimi kando nizungushe gurudumu kwa mkono, polepole, naye akiongoza kitambaa. Shule zilikuwa zimefungwa, na vijana wa umri wangu walikamatwa njiani wakabebeshwa mizigo, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuzungusha. Nilijifunza kushona kabla sijajua kunyoa ndevu. Baadaye nilisoma vitabu vingi kuhusu mambo magumu zaidi, lakini mshono wangu ulionyooka ni ule wa kitambaa.

Mwaka huu dada yangu alikaribia kujifungua, na ikaamuliwa kwamba mama avuke akakae naye Alunguli mpaka Idi ipite. Wakati huo huo binti yangu alikuwa anangoja gauni la Idi. Kitambaa alikichagua mwenyewe, cha kijani, na nilikuwa nimeshakikata. Hapo ndipo nilipoona kwamba mambo mawili hayawezi kwenda pamoja: mama ng'ambo na gauni huku.

Kwanza nilijaribu akili ya kisomi. Nilikwenda sokoni nikanunua kikombe kipya, cha kung'aa, kutoka kwa mfanyabiashara aliyeniapia kwamba kinaingia kwenye mashini zote za dunia. Kiliingia. Kilicheza humo kama jino la mtoto wa miaka sita, na mshono ukatoka chini umejaa vitanzi. Nilimwonyesha mama, nikitumaini atanihurumia. Akakigeuza geuza karibu na macho.

"Kizuri," akasema. "Kinang'aa." Akakifunga kwenye fundo pamoja na kile kingine.

"Mama! Hicho nimenunua mimi."

"Kwani nimesema ni changu? Nakichunga."

Kisha nikajaribu woga. Nilimwambia Lualaba imejaa, mitumbwi inapakia watu kupita kiasi, fundo likilegea katikati ya mto kikombe kinakwenda kwa mamba, na mashini haitashona tena mpaka kiama. Alinisikiliza vizuri.

"Nilivuka nacho wakati wanapiga risasi," akasema. "Leo nitaogopa maji?"

"Basi kiache nyumbani. Hapa hakuna vita, mama."

Pikipiki ilisimama nje kwa jirani, naye akanyamaza hadi ilipoondoka, jinsi anavyofanya siku zote. Nikaona aibu kwa lile neno langu jepesi. Kwangu ilikuwa habari ya gauni. Kwake nilikuwa nimemwambia aende ng'ambo mikono mitupu.

Asubuhi ya safari nilimpeleka bandarini. Mke wangu alibeba kikapu. Mama aliingia kwenye mtumbwi, akaketi, na kabla mwendeshaji hajawasha injini alipeleka mkono kiunoni akalibonyeza fundo. Lilikuwa limejaa kama kawaida. Nilimpungia mkono nikitabasamu, na moyoni nikaanza kutunga maneno ya kumwambia binti yangu kuhusu uzuri wa gauni la mwaka jana.

Nilimkuta binti yuko kwenye kiti changu cha kushonea, kitambaa cha kijani magotini.

"Papa, koko amesema utashona leo."

"Koko yako amevuka na mashini, mwanangu. Ametuachia meza tu."

"Amesema uangalie."

Nikafunua kibati. Kikombe kilikuwa mahali pake. Nilikichomoa ili nihakikishe: kile cha zamani, kilicholainishwa na miaka ya kusuguana na nguo na ngozi. Bobini ilikuwa imejaa uzi wa kijani, umeviringishwa kwa mkono wake, kwa macho yale. Kilichokwenda Alunguli ndani ya fundo kilikuwa kile changu cha kung'aa, kinachocheza.

Nilishona mchana wote huo. Nilifungua dirisha nikakanyaga kwa nguvu, mlio ukatoka hadi barabarani, na jirani akaniita kupitia ua: "Profesa, leo hakuna masomo? Au umepanda cheo?" Nikamjibu kwamba nimepanda. Binti alijaribu gauni, akazunguka, akalalamika kwamba mikono ni mirefu, na alikuwa na haki.

Siku iliyofuata nilikuwa darasani, naeleza jambo zito, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta chaki nikatoa kikombe cha cherehani. Nilikishika mbele ya wanafunzi wote na sikukumbuka kabisa nilikitia mfukoni saa ngapi. Msichana wa mbele alitambua ni kitu gani. Alifunika mdomo.

Jioni mama alipiga simu. Dada alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike, sauti yake ilisikika nyuma ikidai haki zake. Nikashukuru, nikapongeza, nikasubiri. Nilijua swali linakuja.

"Gauni imeisha?"

"Imeisha, mama. Bado mikono."

"Na kikombe? Umekiacha kwa mashini?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Hapana, mama. Kiko kwangu mfukoni."

Nyuma yake mtoto aliendelea kulia.

"Basi fungisha kifungo cha mfuko," akasema.