Bi Mwaija Bado Anaaga

Kama hujawahi kumsikia Bi Mwaija akisema, shukuru Mungu. Mimi ni jirani yake hapa Kaole, na tangu niolewe sijapata asubuhi moja ya kimya. Sauti yake inapenya ukuta, inapenya mabati, inanikuta jikoni. Watu wa mtandaoni wanaisifu kwa sababu wao wanaweza kuizima.

Mtandaoni alipelekwa na mjukuu wake, Majaliwa, ambaye yeye ndiye aliyemlea tangu mama wa kijana alipofariki akimwacha bado ananyonya. Majaliwa ni fundi wa kuandika vibao vya maduka. Ukiona kuku aliyechorwa kwenye banda la chipsi anacheka kana kwamba hajui kinachomsubiri, ujue mkono ni wake. Miaka michache iliyopita alianza kuchora katuni kwenye simu, zile zinazotembea na kusema, akawa anazirusha mtandaoni. Mhusika wake ni kizee mmoja mbishi, Bi Tambuu, asiyekosa arusi ya mtu, na sauti ya Bi Tambuu ni ya Bi Mwaija. Wanarekodi chumbani, godoro limesimamishwa dirishani kuzuia kelele, na bado jogoo wangu anasikika. Mtazamaji mmoja wa Tanga aliwahi kuuliza jina la jogoo. Jina langu hakuna aliyeliuliza. Naitwa Shufaa.

Ukweli ni kwamba watu hawaji kwa ajili ya katuni, wanakuja kwa ajili ya majibu. Kila alasiri Majaliwa humsomea bibi yake komenti pale barazani, naye hutoa jibu liandikwe neno kwa neno. Mtu mmoja aliandika, "Katuni mbovu hii."

"Amesalimu?" aliuliza Bi Mwaija.

"Hajasalimu, Bibi."

"Mwambie asalimu kwanza. Hata anayekuja kugomba hupiga hodi."

Na yule mtu, amini usiamini, alirudi akaandika shikamoo. Akajibiwa marahaba, akaulizwa hali ya mama yake, ikajulikana mama ana miguu inamsumbua, akaombewa dua. Mpaka wanaagana, ubovu wa katuni ameshausahau. Mwingine alilalamika kwamba Bi Tambuu ana mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Akajibiwa, "Na wewe ukifika umri wangu tutakupima."

Majaliwa ni kijana mwema, lakini ana ugonjwa mmoja: sifa mia zinampita, lawama moja inalala naye. Akatokea mtazamaji aliyejiita Mchambuzi Mkuu. Huyu aliandika kwa adabu zote, shikamoo mbele: "Kaka, kuchora unajua, ila huyo kizee anakurudisha nyuma. Vijana wanataka ngumi na magari. Muue." Hiyo Majaliwa hakumsomea bibi yake. Alikaa nayo peke yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Bibi," alimwambia siku hiyo, "leo Bi Tambuu ana homa. Kohoa kidogo."

"Homa ya nini?"

"Homa tu, Bibi."

Bi Mwaija akakohoa. Mimi nilikuwa uani nakuna nazi, nikasema moyoni, huyu kesho tunampeleka zahanati. Kumbe Majaliwa kile kikohozi alikichukua, akakibandika kwenye picha ya Bi Tambuu kitandani, akamfunika shuka mpaka usoni, akaandika chini: "Bi Tambuu ametutoka. Kaeni tayari kwa katuni mpya." Akairusha, akazima simu, akaenda zake Kerege kuandika kibao cha duka la dawa. Mtu mzima kabisa, ameua na kukimbia.

Sasa, Bi Mwaija ana ndugu zake Mkange. Hao hawajui habari za Bi Tambuu. Wanachojua ni kwamba sauti ile haina mwenyewe mwingine duniani. Ile katuni ikawafikia kwenye simu. Wamesikia kikohozi, wameona shuka, wamesoma "ametutoka". Wakampigia Majaliwa, simu haipatikani. Bi Mwaija mwenyewe simu hana. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Asubuhi yake kirikuu, kile kigari cha mizigo, kikasimama mlangoni, kimejaa watu, mikeka, gunia la mchele na sufuria kubwa za shughuli. Wanawake walikuwa wanalia tangu njia panda. Bi Mwaija alikuwa barazani anachambua mchicha. Akatupa ungo, akasimama na yeye akaanza kulia.

"Jamani, nani kafa?"

"Wewe!" akajibu Mzee Yahya, mtoto wa mjomba wake, mtani wake tangu wote wawili hawana meno, na sasa tena hawana.

"Mimi?"

"Wewe, Mwaija! Tumekulilia njia nzima."

Watu wakalia upya kwa furaha, mama mmoja akaanguka juu ya mikeka. Mzee Yahya tu ndiye aliyekunja uso. "Mimi nimewaachia nguruwe shamba langu la mahindi nije kuzika," alisema. "Na mchele wa msiba haurudi ulikotoka, ni mkosi. Hebu jilaze hapo tukuzike hata kidogo, tusionekane wajinga."

"Tangulia wewe, sura kama kaburi lililotitia!"

Basi mchele ukapikwa. Nimehudhuria misiba mingi, lakini ule ulikuwa mtamu, maana marehemu mwenyewe alisimama jikoni kuangalia vitunguu visiungue.

Watu walipokwisha kula, Bi Mwaija akaniita pembeni. "Shufaa, fungua simu yako unisomee."

Nikamsomea. Innalillahi zilikuwa nyingi, za Mtwara, za Songea, za Maskati. Akawa anaitikia kila moja kwa kichwa. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu haui mtu bila kutumwa. Aliyesema nife ni nani?"

Nikarudi nyuma kutafuta, nikampata Mchambuzi Mkuu. Chini yake palikuwa na jibu la Majaliwa: "Ahsante kaka, uko sahihi." Nilitamani nijifanye sijui kusoma. Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikasoma.

Bi Mwaija akanyamaza. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona jambo hilo. Alikaa kimya mpaka Mzee Yahya akaacha utani, akaja kumwekea maji ya kunywa. Mimi nilishikwa na hasira na yule kijana, na nikamwonea huruma bibi yake kama mama yangu.

Majaliwa akarudi alasiri na ndoo yake ya rangi. Akaona kirikuu, akaona mikeka, akaelewa. Akapiga magoti mbele ya watu wote.

"Bibi, nisamehe. Kesho namfufua Bi Tambuu."

"Mtu akifa hafufuki mpaka kiyama. Usinitie dhambini."

"Basi nifanye nini, mke wangu?" Ndivyo wanavyoitana, kama bibi na mjukuu yeyote huku kwetu.

"Ungeniambia," alisema Bi Mwaija, na sauti ile ya kupenya mabati ikakatika. "Ungeniambia kwamba nakufa, mume wangu, ningekufa vizuri. Mimi nimekohoa kikohozi cha homa! Dunia nzima imenisikia nakufa ovyo."

"Kweli kilikuwa kikohozi cha ovyo," akasema Mzee Yahya.

"Sijaaga mtu. Sijaomba radhi. Sijatoa wasia. Mwislamu gani anaondoka namna hiyo? Futa! Nife upya."

Ikafutwa. Godoro likarudi dirishani, Bi Tambuu akalazwa tena, na safari hii akaanza kuita watu mmoja mmoja kuombana radhi, kama inavyotakiwa. Alianza na mimi, kwa jina langu, watu wote wanasikia: "Shufaa, nisamehe yote niliyoyasema juu ya pilau lako, ingawa ni kweli." Akafuata Mzee Yahya, huyo peke yake alikula katuni nzima. Kisha watazamaji nao wakaanza kuandika, "Bibi, na mimi niage." Bi Mwaija si mtu wa kumbagua mgeni. Amekuwa akifa tangu kabla ya Ramadhani, na hajafika hata nusu ya watu wa Songea.

Juzi nilikuwa chumbani kwao, nimeitwa kumshika jogoo wangu mdomo wakati wa kurekodi. Simu ikalia, Majaliwa akasoma kwa sauti. Mchambuzi Mkuu tena: "Shikamoo. Huyu bibi atakufa lini?"

Bi Mwaija akavuta pumzi ya kujibu. Majaliwa akamwinulia mkono, akainama, akaandika mwenyewe. Nilichungulia begani kwake. Aliandika, "Kaka, usimharakishe. Mimi sina mwingine."

"Amejibiwa?" akauliza Bi Mwaija.

Majaliwa akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Amejibiwa, Bibi."

"Haya, niwekee mto vizuri. Tuendelee kufa."