Wajumbe wa Muwasho: Miaka Yangu katika Zahanati ya Ngozi

Siku yangu ya kwanza Titulaire hakuniuliza cheti. Kwetu Titulaire ni muuguzi mkuu wa zahanati, na huyu wa zahanati ya ngozi ya Kenya, komini yetu hapa Lubumbashi, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniambia nionyeshe mikono. Akaigeuzageuza, akakagua kucha, kisha akauliza nilikuwa nikifanya nini kabla. Nikamwambia nimepara samaki Kilwa, ile yetu ya ziwani, nimepakia magunia ya samaki wakavu Pweto, nimesukuma mikokoteni, na kila mahali nimechoka upesi. Shule niliiacha mapema. Sikuwa na ugomvi nayo, ila barabara ilinivuta zaidi.

"Hapa muntu haiko samaki, papa," akasema, maana kwetu papa ni baba. "Usimupare."

Kazi yenyewe ilikuwa kuosha na kupaka. Wagonjwa wengi walikuwa wa ukurutu, ule ambao mjini tunauita ekzema: ngozi kavu, nyekundu au nyeusi zaidi, yenye magamba na muwasho usiomwachia mtu nafasi. Unalowesha kitambaa katika maji ya vuguvugu, unakilaza juu ya ngozi mpaka magamba yalegee yenyewe. Kabla ngozi haijakauka kabisa unapaka marhamu, ukifuata mwelekeo wa vinyweleo. Ukipaka kinyume, vishimo vyake vinavimba. Titulaire alisimama nyuma yangu siku nyingi, akikohoa kila nilipoharakisha.

Nilikuwa nauliza sana. Docteur Chef, yaani daktari mkuu, mama mmoja mpole aliyekuja kwetu kutoka hospitali ya mjini, ndiye aliyenivumilia. Nilimwuliza kwa nini ukurutu unawasha wakati hakuna mdudu. Akanieleza huku akinawa mikono.

"Ngozi iko na baaskari," akasema. "Bakiona hatari, banatuma bajumbe."

Wajumbe hao ni protini ndogo sana ambazo chembe za kinga humwaga ili kuambiana la kufanya. Jina lao la jumla ni saitokini, na nyingi kati yake huitwa interlukini na kupewa namba. Ya nne na ya kumi na tatu huiambia ngozi ipunguze kutengeneza mafuta na protini zinazoushikilia ukuta wake. Ukuta unavuja, maji yanatoka, vumbi na sabuni vinaingia. Ya thelathini na moja huenda kwenye mishipa ya fahamu na kuamsha muwasho. Mgonjwa anajikuna, ukuta unabomoka zaidi, na wajumbe wanaongezeka. Marhamu ya steroidi huwanyamazisha kwa muda, mafuta mazito hukarabati ukuta. Ng'ambo, alisema, kuna sindano zinazoziba mlango wanamopokelewa wale wawili wa kwanza. Wagonjwa wetu hazikuwafikia.

"Sasa hiyo vita iko na nani?" nikamwuliza.

"Na hakuna muntu," akasema. "Njo ubaya yake." Njo ya kwetu ni ndio.

Baadaye nilihamishiwa maabara ya hospitali ile ya mjini, kuosha vioo. Chef wa labo hakupenda maswali. Alisema nikitaka kuongea niongee na chupa. Nikaongea nazo kweli, maana nyumbani pia sikuwa na wa kuongea naye. Uani kwetu watu walijua kazi niliyotoka kufanya. Walinisalimu vizuri, lakini mikono waliiweka nyuma, na sahani yangu wakati wa misiba ililetwa peke yake. Sikuwalaumu. Nilipoomba kurudi Kenya, Titulaire alicheka, akasema kumbe nami ninajua kurudi mahali.

Ndipo alipokuja mwanamke mmoja, Zaina. Aliolewa katika familia moja ya Kiislamu yenye asili ya Maniema, mafundi seremala wa hapo Kenya. Ukurutu ulikuwa umeshika mikono yake yote miwili. Kwao wanawake hula pamoja katika sinia moja, lakini yeye aliwekewa sahani mlangoni. Mama mkwe wake alikuwa ameshasema: mikono isipopona kabla ya Idi, Zaina atarudishwa kwao Kasongo, na binti yake mdogo atabaki.

Tulimpaka, akapata nafuu, akaenda nyumbani, akarudi amevimba. Ikawa hivyo tena. Docteur Chef akanituma nikaone anavyoishi.

Nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda, amemshika Zaina mkono, anausugua kwa wavu wa kuogea na sabuni ya kufulia. Hakuwa mkatili. Jasho lilimtoka, na alikuwa akimpa pole mkwewe huku anasugua. Aliamini ugonjwa umejificha chini ya magamba, na kwamba nyumba inayomwacha mkwe na magamba ni nyumba ya wavivu. Nikamweleza habari za wajumbe, kwamba kila anaposugua ngozi inapiga mbiu upya. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Bale bajumbe bako, uliwahi kubaona?"

"Hapana, mama. Hata docteur habaone kwa macho."

"Mie magamba ninayaona." Akawageukia majirani waliokuwa wakichungulia mlangoni. "Huyu papa anapigana na bantu habaoneke, na kwake hata bibi ya kumupikia hana."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikamwomba mkono mmoja tu. Asugue wake, mimi nipake wangu, Idi itaamua. Akafikiri.

"Chukua ya kushoto. Ya kuume njo ya kula. Siwezi kupatia muntu mugeni."

Docteur Chef hakufurahi nilipomweleza. Alisema muntu haiko shamba ya kugawanya kwa kamba. Halafu akasema mkono mmoja ni bora kuliko kukosa yote, akanipa marhamu.

Nilikwenda kila siku. Tulikaa ukumbini, mama mkwe upande wake na mimi upande wangu, Zaina katikati amefumba macho. Mkono wa kushoto ukalainika, nyufa zikafunga. Wa kuume ukazidi kutoa maji, ikabidi ufungwe bandeji kila baada ya kusuguliwa. Niliona mama mkwe anasugua polepole zaidi.

Siku ya Idi niliitwa kubadilisha bandeji baada ya swala. Sinia la wali lilikuwa limeshawekwa, wanawake wamelizunguka, na sahani ya Zaina iko mlangoni kama kawaida. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Lakini nani anakula kwa mkono wa kushoto? Wa kuume niliufungua mbele yao wote. Binti mdogo alikuwa ameshika nguo ya mama yake.

Mama mkwe aliitazama ile mikono, mmoja halafu mwingine. Akajisogeza pembeni kuacha nafasi.

"Zaina, kuya hapa."

Akafinyanga tonge, akamtia Zaina mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Kisha kwa vidole vilevile akachukua tonge lake, akala. Wengine wakaendelea kula. Bila kunitazama akaniambia, "Kesho uchukue na ule mukono mwingine."

Habari za Kasongo sikuzisikia tena. Mimi walinipa wali katika bakuli lenye kifuniko, nikaenda kuula chumbani kwangu, nimekaa kitandani.

Sasa nimestaafu. Ngozi ya uzee hukauka, na ukurutu umenitokea katikati ya mgongo, pale ambapo mkono haufiki. Ninawajua wajumbe wanaopiga kelele huko nyuma kwa namba zao. Dawa ninayo, ipo dirishani. Nilijaribu kwa kijiti chenye kitambaa, nikajichubua.

Kwa hiyo kila Alhamisi ninakwenda zahanati kama mgonjwa, ninapanga foleni. Muuguzi aliyepo hanijui. Analowesha kitambaa, ananiambia, "Papa, geuka," nami ninageuka, na kwa muda mfupi kuna mkono wa mtu mgongoni mwangu.