Sita Bila Sifuri

Nafundisha hisabati sekondari hapa Kibondo, na kosa ninalowagombezea wanafunzi kuliko yote ni kusahau sifuri. Nimewahi kumrudisha mtoto ubaoni mara nne kwa sababu ya sifuri moja. Basi nikisema kwamba mimi mwenyewe niliidondosha, tena nikamsingizia mtu mzima aliyenipenda, naomba mnivumilie hadi mwisho.

Mtu huyo alikuwa mtunza stoo wa shule yetu, Muha wa Kitahana, aliyenizidi miaka kama kumi na tano. Nilipohamishiwa huku kutoka Tanga sikujua hata kujibu salamu ya asubuhi; yeye ndiye aliyenifundisha kuitikia "mwakeye" bila kung'ata ulimi. Kazini aliniita Mwalimu, kama wote. Lakini Jumamosi, tukishuka mtoni kuvua kambale, aliniita mdogo wangu, nami nikamwita kaka. Sikuwa na ndugu mwingine mkoa mzima.

Kwetu Tanga kila mwaka kuna mashindano ya kuvua kwa mshipi kutoka kwenye miamba. Mnashiriki wawili wawili, toka asubuhi hadi adhuhuri, na mshindi ni mwenye mzigo mzito kwenye mizani. Nilikuwa nimeshiriki mara nyingi, na mara zote nilirudi nyumbani na maneno mengi kuliko samaki. Mwaka ule nikaona nimpeleke kaka. Alikuwa hajawahi kuiona bahari.

Tulijiandaa stoo, katikati ya majembe na magunia ya maharage. Ndoana zangu nilizitunza kwenye mkebe wa hesabu, mahali pa bikari. Nilimweleza kwamba ndoana za kawaida zina namba, na namba ikipanda, ndoana inapungua: kumi na mbili ni ya visamaki, sita inamfaa perege, moja ni kubwa kuliko hizo. Ukishaipita moja, mambo yanageuka. Zinaanza zile zinazoandikwa na sifuri, moja-sifuri, mbili-sifuri, na hapo namba ikipanda na ndoana inapanda. Kwa hiyo sita ni kitu cha kushika kwa ncha za vidole, na sita-sifuri ni ya kumkamata chewa.

"Mdogo wangu," akasema, "aliyezipanga hivi alikuwa amekunywa nini?"

Lakini alishika haraka. Tulifanya mazoezi ya chambo kwa ganda la ndizi, tukijifanya ni ngisi. Ukanda wa ngisi unataka ndoana kubwa. Ukiuvisha kwenye ndoana ndogo unajaza nafasi yote, ncha inajificha, samaki anakula bure na kwenda zake. Ndoana ndogo inataka kipande kidogo cha nyama ya kamba, ncha ikichungulia nje kidogo tu. Baada ya wiki mbili alikuwa anavisha ganda la ndizi vizuri kuliko mimi, na nilimwambia hivyo. Nafurahi kwamba angalau hilo nilimwambia.

Wiki ya safari nilikuwa nimezama kwenye kusahihisha mitihani. Yeye akaenda Kasulu kumwona binti yake, na Kasulu kuna duka la vifaa vya uvuvi, la mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya kwetu pwani. Nikamtumia ujumbe, kalamu nyekundu ikiwa bado mkononi: "Kaka, chukua ndoana namba sita, pakiti mbili." Basi. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye makosa ya watoto.

Tulisafiri siku mbili. Alipofika ufukweni alichovya kidole, akalamba, akaniangalia. "Kumbe ni kweli," akasema, "mmeshaitia chumvi kabisa." Ndugu zangu walimpenda papo hapo. Mjomba wangu, ambaye ndiye mpimaji wa mizani, alimpa kofia yake mwenyewe.

Kulipokucha tukapanda mwamba. Watu wamejaa, kila mmoja ananijua tangu nikiwa na kaptula. Nilifungua pakiti mbele ya mjomba, nikiwa tayari nimeshakata ngisi kanda ndefu kwa ajili ya chewa na kolekole. Zikamwagika kiganjani ndoana za perege.

Mjomba akaokota moja, akaipeleka juu kwenye mwanga. "Mjomba, hizi kanunua nani?"

Nilijua. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Ule ujumbe ulinijia machoni mzima mzima, na nikaiona nafasi tupu pale ambapo sifuri ilipaswa kukaa. Lakini watu walikuwa wameanza kucheka, mwalimu wa hesabu ameleta ndoana za kuvulia dagaa, na uso wangu ulikuwa unawaka.

"Kanunua huyu," nikasema. "Nilimwambia sita-sifuri, nikamwambia kwa mdomo wangu. Lakini utamwambia nini mtu ambaye bahari kaiona jana?"

Kaka alikuwa amepeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Alifungua mdomo. Nami, mtoto wa pwani niliyelelewa kwa shikamoo na adabu, nikamgeukia mkubwa wangu mbele ya kadamnasi nikasema, "Wewe kaa kimya, umeshatuharibia."

Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Akakaa.

Filimbi ikalia, nami kwa ukaidi nikavisha zile kanda za ngisi kwenye ndoana za perege. Yale yote niliyomfundisha yakatokea. Samaki walikula bure asubuhi nzima. Mmoja mzito alinasa, nikamvuta hadi nikaona mgongo wake, kisha mshipi ukalegea. Ndoana ilirudi imenyooka. Saa ya mwisho kaka alikata kamba wa chambo vipande vidogo vidogo, akaanza kutoa tasi na vichangu mmoja baada ya mwingine, wadogo lakini wengi. Ingekuwa tumeanza hivyo tangu asubuhi, tusingeshika mkia. Tulishika mkia.

Kwenye basi la kurudi tulizungumza kuhusu mvua. Jumatatu akanisalimu, "Mwakeye, Mwalimu." Jumamosi nikampitia twende mtoni, akasema bega linamsumbua. Jumamosi nyingine vilevile. Nilijiambia kwamba uzee umemwingia, nikajiambia kwamba nitamwomba radhi siku yenye nafasi, na siku yenye nafasi haikufika. Akastaafu, akarudi Kitahana kwenye migomba yake. Kwenye sherehe ya kumuaga mimi ndiye niliyesoma risala, na niliandika ndani yake kwamba hakuwahi kukosea hesabu ya stoo. Nilipiga makofi kama wengine.

Mwaka huu nilikwenda Kasulu kwa shughuli zangu, nikaingia lile duka kununua mshipi. Mwenye duka akaniuliza habari za mzee wangu wa stoo.

"Mzee yule muungwana sana," akasema. "Siku ile nilimwambia, mzee, sita hii ni ya mtoni, baharini watataka sita-sifuri. Akasema mwalimu kaandika sita, nipe sita. Kafika mlangoni, karudi. Akasema nipe na pakiti moja ya hizo za sifuri, isije ikawa mdogo wangu kapitiwa, akaaibika kwao."

Nikauliza ilikuwaje.

"Mlipotoka safari alikuja kuzirudisha. Pakiti haijafunguliwa." Akainama chini ya meza, akaitoa. "Hii hapa. Hapa nani atanunua?"

Niliinunua. Siku iliyofuata nilishuka Kitahana, nikamkuta anapukuchua mahindi uani. Alinikaribisha vizuri, akaita maji ya kunawa, akaniwekea kiti kizuri kuliko chake. Niliiweka pakiti kwenye meza kati yetu.

"Kaka," nikasema, "niliandika sita. Sikuandika sifuri. Nilijua palepale mwambani, na nimekusingizia miaka yote hii. Naomba unisamehe."

"Nilishasamehe zamani," akasema, akiendelea kupukuchua. "Ule ujumbe ninao kwenye simu. Sikumwonyesha mtu."

"Basi kwa nini hukuzitoa? Zilikuwa mfukoni."

Mikono yake ikasimama. Aliiangalia pakiti, siyo mimi.

"Nilikuwa nazitoa," akasema. "Ukaniita wewe."

Tulikula ugali na maharage, tukaongea habari za shule. Jua lilipopungua makali alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama wanavyofanya huku kwa mgeni wa heshima. Nilisubiri lile neno la Jumamosi. Pikipiki ikawaka.

"Safari njema," akasema, "Mwalimu."