Siku Mama Alipongoja Athumani Alie

Harufu ya mafuta ya ufuta ikinijia, hata huku shule ya bweni ambako wenzangu hujipaka mafuta ya dukani, mimi huuona utosi wa mdogo wangu Athumani. Mama aliupaka kila asubuhi, amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu ya Mitole, akizungusha kiganja polepole mpaka unang'aa, na Athumani mdomo umejaa ziwa, jicho moja kalifumba, jingine ananitazama kama ananionya nisisogee. Nilikuwa na miaka kama saba. Kazi yangu ilikuwa kumbeba mgongoni Mama akiwa analima, na kumpelekea akianza kulia, maana akishaanza hakuna aliyeweza kumnyamazisha ila yeye. Hata Baba hakuweza. Baba alikuwa mtu wa mashamba ya mkonge upande wa Lindi, anakuja mara moja moja, na kila alipokuja Athumani alimlilia kama kaona fisi. Mama alicheka sana. Nadhani alijiona tajiri.

Mwaka huo Baba alikuja wakati wa palizi, akakaa kidogo, akarudi kazini. Tulipovuna ufuta Mama alikuwa na mimba, na Athumani bado ananyonya. Naona haya kuliandika jambo hili, lakini bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu mtoto anayenyonya huku mama yake ana mimba husemwa amebemendwa: wazazi hawakungoja, maziwa yameharibika, basi mtoto atadhoofu na miguu italegea. Athumani akaugua tumbo, ugonjwa wa kawaida tu wa watoto, lakini macho ya watu yakawa kwa Mama. Kisimani jirani yetu Mama Sijali alimtazama akitua debe, akasema, "Shemeji alikuja siku mbili tatu tu, lakini naona kazi kaimaliza." Wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika. Mama naye alicheka. Tulipofika nyumbani alimweka Athumani mapajani akawa anamminya miguu, huu na huu, kuona kama imelegea.

Bibi, mama mzazi wa Mama, alikuja kutoka Likawage kumchukua Athumani akaachie ziwa kwake, kama ilivyokuwa desturi. Asubuhi hiyo Mama alijipaka shubiri kwenye chuchu. Athumani alionja, akakunja uso. Akaonja tena. Halafu akamtazama Mama usoni, hakulia, alimtazama tu, kama mtu anayengoja aelezwe. Bibi akamfunga mgongoni kwa kanga ya Mama ambayo haikufuliwa, ili apate harufu ya kulalia, akamwambia, "Twende, mume wangu," maana hivyo ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Walipoanza kushuka njia ndipo alipolia. Kilio chake tulikisikia mpaka walipoingia msituni. Mama akasema akishasahau ziwa atarudi.

Ilikuwa akae miezi michache. Lakini Likawage ni mbali, Mwanahawa akazaliwa, mvua zikakata njia, shamba likataka mikono, na kila tulipopanga kumfuata likazuka jingine. Habari zake tulizipata kwa wapita njia: katembea vizuri, kaota magego, anapenda viazi. Mama aliwauliza wote swali lile lile, kama mtoto anamtaja. Wengine walikuwa waungwana wakasema ndiyo.

Ndipo akaja bibi mmoja wa Kizungu, pamoja na mkunga wa kutoka Lindi aliyekuwa mkalimani wake. Alikuja na mizani ya kuning'iniza, watu wakamwita Bibi Mizani. Jumbe alitueleza kwamba anachunguza jinsi watoto wadogo wanavyokua na jinsi wanavyoishi na wazazi wao, na kwamba anawataka wale waliokwisha acha ziwa. Wengi waliogopa. Mama peke yake aliona neema. Alitaka Athumani apande ile mizani mbele ya Mama Sijali na mbele ya kisima kizima, waone kama huyo ni mtoto aliyebemendwa. Na baada ya hapo asirudi tena Likawage. Akatuma salamu, Bibi akamleta.

Siwezi kusahau alivyoingia uani. Alikuwa mnene, kavaa kanzu ndogo safi. Mama alipiga magoti kumpokea, mikono ameifungua, na Athumani akamwendea taratibu, akasimama mbele yake, akasema, "Shikamoo." Majirani walimsifu, mtoto mdogo hivi ana adabu. Mama akaitika marahaba. Alitabasamu, lakini tabasamu lilichelewa.

Kesho yake tulikwenda kwenye banda la jumbe, nimembeba Mwanahawa. Athumani alipanda mizani, mshale ukashuka, mkunga akasema kwa sauti kwamba huyu ni mzito kuliko wenzake wote. Mama alimtazama Mama Sijali, na Mama Sijali, kusema haki, aliinamisha kichwa. Tungeondoka hapo hapo tungekuwa tumeshinda. Lakini Bibi Mizani alikuwa na jambo la pili. Alitandika mkeka, akamwagia makopo na vijiti vya rangi, akataka kila mama amkalishe mwanawe, acheze naye kidogo, halafu atoke nje asimame nyuma ya ukuta. Watoto wote waliotangulia walilia kabla mama hajafika mlangoni, na Bibi Mizani alionekana kuridhika. Zamu ya Mama ilipofika aliniangalia, akacheka kwa wasiwasi. Alimpangia Athumani makopo, akamshika utosi, akatoka.

Athumani aliendelea kucheza.

Kupitia upenyo wa fito niliona kanga ya Mama, amebana sikio ukutani. Athumani alipanga kopo juu ya kopo, likaanguka, akalipanga tena. Bibi yetu wa Likawage alikuwa ameketi pembeni na tumbaku yake mdomoni, na hakuna aliyemfikiria. Akainuka kwenda kutema nje. Hapo Athumani akageuka, akaona pale mahali patupu, akapiga kelele ya kupasua banda.

Na Mama akaisikia. Aliingia mbio, ushungi umeanguka, anacheka na kulia kwa pamoja, anasema, "Nimekuja, baba, nimekuja, sikwenda mbali." Athumani alipita kando yake kama mtu anavyopita nguzo. Alimkuta Bibi mlangoni, akajiviringisha kwenye kanga yake, na Bibi kwa mazoea akamjibu, "Nipo, mume wangu, natema mate tu." Halafu akaona uso wa Mama.

Yule mzungu aliuliza kitu. Mkunga alisita kabla ya kutafsiri. "Anauliza, mama wa mtoto ni yupi kati yenu?"

Bibi alimnyooshea Mama kidole haraka haraka. "Huyu. Huyu ndiye mwenye mtoto. Mimi nalea tu."

Hakuna aliyecheka, hata Mama Sijali. Tulipofika nyumbani Bibi alikwisha funga mzigo wake tu, anataka kumwacha mtoto kama walivyoagana. Mama akamfungulia Athumani kanga, akampandisha mgongoni kwa Bibi kwa mikono yake mwenyewe. "Nenda naye, Mama. Mimi nilishamliza mara moja." Safari hii njia nzima tuliwasikia wakiimba.

Mwaka huu mwalimu wetu wa malezi alituambia kwamba miaka ile ya mwanzo ndiyo mtoto anapojifunza nani ni wake. Nilitaka kuuliza kama anaweza kujifunza tena baadaye. Sikunyoosha mkono, mimi ni mwoga wa kusema mbele za watu.

Athumani yuko nyumbani sasa, tangu Bibi alipofariki. Ni mvulana mrefu, mpole. Mwanahawa anagombana na Mama kutwa, ananuna, anasusa ugali. Athumani anamshukuru kwa kila sahani. Najua Mama angetoa shamba zima ili siku moja naye asuse.

Likizo iliyopita jembe lilimkata mguu. Mama alitupa ungo, ufuta ukatawanyika uani, akamkumbatia mapajani, mrefu jinsi alivyo, miguu inaburuta chini, na mimi nikakimbia kutafuta kitambaa. Athumani alikuwa amefumba macho kwa maumivu, analia, anaita, "Bibi! Bibi wee!" Mama alimzungushia kiganja utosini, polepole.

"Nipo," alisema. "Nipo hapa, mume wangu."

Athumani akaita tena, naye akaitika vile vile, mpaka mtoto akatulia. Mimi nilisimama na kitambaa mkononi, sikuthubutu kusogea, asije akafumbua macho.