Kipande Kizima cha Milembe

Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walijaa Nkololo, kila mmoja na mizani yake na bei yake, na wakulima wengi walihangaika wamuuzie nani. Milembe hakuhangaika. Aliketi juu ya gunia lake, akawaacha wapandishiane bei mpaka jasho likawatoka, ndipo akainuka. Hivyo ndivyo alivyoishi tangu mumewe afariki. Alilima kwa ng'ombe wake mwenyewe, akalea watoto watano aliowazaa na wa sita aliyeachwa na dada yake. Huyo wa sita, Kasmiri, alimnyonyesha pamoja na kitindamimba wake: kitindamimba kulia, Kasmiri kushoto.

Uvimbe ulipoota kwenye titi la kushoto, na daktari wa Mwanza akasema ni saratani, likatwe, Milembe alijibu, "Likate. Mpini uliooza hauliliwi."

Siku moja kabla ya upasuaji Kasmiri alifika wodini. Alikuwa fundi wa maabara humo humo mjini.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama yake mlezi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mbona una uso wa mtu aliyepoteza ng'ombe?"

Akamweleza. Maabara yao ilikuwa inajaribu kirusi kinachoingia ndani ya saratani na kuiua. Hakuna mtu aliyepewa bado. Kinajaribiwa kwenye vipande vya nyama ya binadamu vinavyotunzwa vikiwa hai katika visahani, kwa joto kama la mwili. Waliomba kipande cha uvimbe wake.

"Uchukueni wote! Ningekuwa na punda ningewabebea."

"Na kipande kidogo kizima, kisicho na saratani, cha pembeni yake."

Kicheko kikakatika. "Kizima hapana. Kizima kinarudi Nkololo, nikakizike nyuma ya zizi. Hicho ndicho kilichokulisha wewe, Kasmiri. Leo unataka nacho kiliwe na mdudu wenu?"

Kasmiri alijua kuwa bila kile kizima, jaribio lao lisingewaambia kitu. Akasema, "Mayu, unamkumbuka Chui?"

Chui alikuwa mbwa waliyeletewa nyumbani wakati fisi walipokuwa wakimaliza mbuzi. Wote walimsifu kwa ukali. Milembe hakumwachia zizi kwa sifa. Alimfunga kwanza kamba karibu na ndama, akaketi na mkuki magotini, akamtazama.

"Kwani kuua fisi hakukutosha?" Kasmiri akauliza.

"Fisi hata moto unamuua. Nilitaka kujua atawafanyaje ndama."

"Basi, mayu. Kirusi ndiye mbwa wetu. Fisi unatupatia wewe. Ndama hatuna."

Milembe aliweka kiganja juu ya titi lake, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale.

"Ungeanzia hapo, mjinga wewe," akasema. "Chukua. Lakini majibu usinitumie kwa simu ya jirani. Njoo mwenyewe, na habari ya ndama itangulie."

Mvua za kupandia zilimkuta Milembe shambani, kovu limekauka, gauni limelala bapa upande mmoja wa kifua. Akamwona Kasmiri anakuja kando ya matuta, viatu mkononi.

"Ndama?" akapaza sauti kabla ya salamu.

"Wazima, mayu! Hawakuguswa!"

"Na fisi?"

"Kafa. Ila ni kwenye kisahani tu, mayu. Mpaka iwe dawa, safari bado ndefu."

"Hata Chui alianzia kwenye kamba," akasema Milembe, na kumjaza mbegu za pamba viganjani. "Haya, shika mstari ule. Mvua haitusubiri."