Mayai Yenye Alama ya Mkaa

Mtaa tulioishi Kolwezi, Kongo, siku hizi ni mashimo ya madini. Nilipopita juzi niliutafuta ua wetu kwa kukisia, katikati ya maturubai na magunia ya mawe. Mchimbaji mmoja alikunjua turubai lake, akaanguka nyoka mwembamba wa kahawia. Akamwacha aende zake.

"Haba habaume, mama," akaniambia, kunihakikishia kwamba nyoka hao hawaumi. "Beko mingi hapa. Hatujue balitoka wapi."

Mimi najua. Jirani yetu, fundi wa garimoshi, alimfuga nyoka wa aina hiyo katika stoo ya mahindi, kwa ajili ya panya. Wengine walinong'ona kwamba nyoka huyo anatapika pesa. Fundi aliwauliza mbona basi mshahara ukichelewa naye analala njaa kama wao.

Msimu mmoja, nikiwa mtoto, nyoka akataga kwa mara ya kwanza, ndani ya beseni la maranda: mayai marefu, meupe, laini kama ngozi. Fundi akatia alama ya mkaa juu ya kila yai. Kuku huyageuza mayai yake kila siku, alitueleza, lakini yai la nyoka ukiligeuza, kitoto kinakufa. Asubuhi, mama zetu wakitwanga sombe, kisamvu chetu, mimi na binti yake, rafiki yangu, tulichungulia beseni lile bila kuligusa.

Kabla hayajapasuka, vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Fundi alikuwa mmoja wao, ingawa rafiki yangu alizaliwa katika hospitali ile ile niliyozaliwa mimi. Familia yake ikahamia stesheni, ikawa inalala kwenye saruji pamoja na wengine, kungoja treni. Nyoka fundi alimwachia majanini. Beseni lisingevumilia msukumano ule, basi binti yake akalileta kwetu, akitembea kama aliyebeba ndoo iliyojaa maji.

Mama yangu aliogopa hata mjusi. Akalitazama beseni, akaelekeza kando ya jiko la mkaa.

"Weka pale, pembeni ya mbabula, bipate joto," akasema. "Lakini kamoja kakinifwata ku kitanda, mi nahamia ku gare."

Gare ni stesheni ile ile, na hakuna aliyecheka. Mwenyewe akageuka kusonga bukari, ugali wetu.

Kila mchana nilipeleka chakula stesheni, na kila mchana rafiki yangu aliuliza habari za mayai kabla hajafunua sahani. Kikohozi kilikuwa kimeenea pale. Mama yake aliomba treni ije upesi. Yeye aliomba ichelewe kidogo. Ikaja. Watu walipanda hadi juu ya mabehewa. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona.

"Bimepasuka?"

"Bado."

Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Yalipasuka wiki iliyofuata, asubuhi ya mvua, kila yai likichanika mstari mdogo kando ya ule mkaa. Mama ndiye aliyeona kwanza. Hakupiga kelele. Alilibeba beseni mwenyewe, taratibu, bila kuliinamisha, ingawa haja hiyo ilikuwa imekwisha, akaliweka nyuma ya stoo ya fundi. Nyumbani kwa fundi walikuwa wameshaingia watu wengine.

Leo stoo haipo, wala jiko letu, wala sauti ya vinu asubuhi. Nilimwambia mchimbaji kwamba nyoka wale hawakutoka popote, walizaliwa hapa hapa. Akaitika, akashuka shimoni.

Lakini si yeye aliyeuliza kwanza. Aliyeuliza kwanza aliondoka na treni kabla sijawa na jibu.